Radi 100 ni Grei 1: Hesabu ya Vipimo vya Miale

Ndugu wakulima wa Thika na Ruiru, sote twajua hasara ya kuchanganya vipimo. Mtu akiambiwa atie ratili mbili za mbolea, naye akatia kilo mbili, amezidisha zaidi ya mara mbili. Na mtu akiambiwa "ishirini" tu, bila kuelezwa kama ni eka au hekta, bado hajaambiwa kitu. Mwezi huu twaeleza vipimo viwili ambavyo huchanganywa vivyo hivyo, navyo ni radi na grei. Vyote viwili hupima jambo moja, yaani kadiri ya nguvu ya miale iliyoingia na kubaki katika mbegu, tunda au mwili.

Radi tunayoitaja hapa si radi ya mvua. Ni kipimo ambacho wataalamu walikikubali mwaka 1953. Mwaka 1975 mkutano wa mataifa juu ya mizani na vipimo ulikubali kipimo kipya, grei, kwa heshima ya Louis Harold Gray, mtaalamu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1965. Kwa sababu hiyo vitabu vya zamani vyataja radi, na karatasi za siku hizi zataja grei. Kijana wako wa chuo akiviweka pamoja, ataona namba zisizolingana, kumbe zasema neno moja.

Grei moja ni nini? Miale hubeba nguvu, na nguvu hiyo hupimwa kwa jouli. Kilo moja ya kitu ikipokea jouli moja, imepata grei moja. Angalia sana maneno "kilo moja". Ni kama mbolea ya kahawa inayopimwa kwa kila mti. Mwenye miti mia na mwenye miti elfu hutumia kipimo kile kile kwa mti, ijapokuwa magunia yao si sawa. Vivyo hivyo, gunia la mbegu likipata grei 200 sawasawa, kila punje imepata grei 200. Usizidishe kwa uzito wa gunia.

Sasa hesabu yenyewe. Wewe waijua tayari, maana ni ile ya senti na shilingi. Senti 100 ni shilingi 1, na radi 100 ni grei 1. Ukitaka kugeuza radi kuwa grei, gawanya kwa 100. Ukitaka kugeuza grei kuwa radi, zidisha kwa 100.

Radi 100 ni grei 1.
Kiloradi 1, yaani radi 1,000, ni grei 10.
Kiloradi 100 ni kilogrei 1, yaani grei 1,000.

Wengi hukosea kwenye neno "kilo", ambalo maana yake hapa ni elfu. Tuseme kitabu cha zamani chaandika kwamba mbegu za ngano zipigwe miale kiloradi 20. Hizo ni radi 20,000, yaani grei 200. Anayesoma grei 20 atazipa mbegu sehemu moja tu ya kumi, na kazi yake itakuwa karibu na bure. Anayesoma kilogrei 20 atazipa mara mia, na hakuna punje itakayoota.

Pengine utauliza, miale na mbegu vina uhusiano gani? Miale ya gama hugeuza asili ya mbegu chache, na wataalamu huchagua miche iliyo bora kati ya maelfu. Ngano ya Njoro-BW1, inayovumilia ukame, ilipatikana kwa njia hiyo ikatolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2001. Lakini mtu asikudanganye kwamba kahawa yetu ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ni ya miale. Hiyo ilipatikana kwa kuzalisha aina mbalimbali za kahawa pamoja, ili iweze kushindana na ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani.

Wenye maembe nao wana sababu ya kujua hesabu hii. Mwaka 2009 mataifa yaliyo katika Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea yalikubali kwamba grei 150 zatosha kuzuia funza wa nzi wa matunda asigeuke kuwa nzi mzima. Hizo ni radi 15,000, au kiloradi 15. Mtu akizisoma kuwa radi 150, atayapa maembe grei 1.5 tu. Nzi watatoka wazima, na shehena itakataliwa bandarini. Wala usiogope kula embe lililotibiwa kwa miale ya gama. Halibaki na miale ndani yake, kama vile mtu aliyepigwa picha ya eksirei asivyorudi na miale nyumbani.

Bali mwili wa mtu si mbegu. Mbegu hustahimili grei 200, lakini grei 4 tu zikiupata mwili mzima kwa mara moja, zaweza kuua nusu ya watu wasiotibiwa. Ndiyo sababu mashine hizi hutumiwa nyuma ya kuta nene na watu waliofundishwa. Kwa usalama wa watu kuna vipimo vingine, remu ya zamani na sivati ya sasa. Hesabu yake ni ile ile: remu 100 ni sivati 1.

Jaribuni hesabu hizi nyumbani pamoja na watoto:

1. Radi 500 ni grei ngapi?
2. Kiloradi 30 ni grei ngapi?
3. Grei 250 ni radi ngapi?
4. Kilogrei 10 ni kiloradi ngapi?

Majibu: (1) 5, (2) 300, (3) 25,000, (4) 1,000.

Aliyepata yote manne anaweza kusoma karatasi yoyote ya namna hii bila hofu. Tena akumbuke neno moja: namba isiyo na jina la kipimo haifanyiwi hesabu. Ukiletewa karatasi ya mbegu au ya matunda iliyoandikwa "dozi 150" bila neno jingine, usitie sahihi wala usilipe. Irudishe kwa aliyeiandika, aandike kwanza kama ni radi, grei au kilogrei. Ukiwa na shaka, ipeleke kwa Bwana Shamba wako mkaisome pamoja.