Mtunza Bohari ni Nani?

Dawa inapokosekana katika zahanati, mwananchi husema neno moja tu: imeibwa. Hatumlaumu. Ametembea tangu alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni, kisha aambiwa akanunue dukani. Amtuhumu nani ila yule muuguzi aliye mbele yake? Wala hatusemi kwamba wezi hawapo. Wapo, na mahali pao ni mahakamani. Lakini twaona inafaa kusema wazi jambo ambalo halisemwi mikutanoni, nalo ni kwamba rafu nyingine huwa tupu kwa sababu aliyekabidhiwa kazi ya kuagiza hakufundishwa kuagiza.

Yafaa wasomaji wetu wakumbuke tulikotoka. Kuanzia mwaka 1983, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, zahanati zetu za vijijini zilipelekewa dawa muhimu katika makasha yaliyofungwa. Makasha hayo yalifaa sana, maana kabla yake vijiji vingi havikuwa na uhakika wa kupata chochote. Hata hivyo kasha haliulizi kijiji kina maradhi gani. Hapa dawa fulani ilirundikana hata ikaharibika. Pale, dawa ile ile ikaisha kabla ya mwezi kwisha. Ndipo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, zahanati zikaanza kuhamishiwa utaratibu wa kuagiza zenyewe kwa Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Shauri hilo lilikuwa jema. Ila pamoja na uhuru wa kuagiza ilikuja hesabu, na hesabu hiyo ikaangukia meza ya muuguzi ambaye asubuhi hupima wajawazito na mchana hufunga vidonda.

Nayo si hesabu ya kubahatisha. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika siku 60 zilizopita zahanati imetoa dozi 80 za dawa ya malaria, lakini dawa ilikuwapo kwa siku 40 tu. Siku 20 rafu ilikuwa tupu. Asiyefundishwa atagawa 80 kwa miezi miwili, aandike kwamba kijiji kinahitaji dozi 40 kwa mwezi. Aliyefundishwa atauliza zilitoka ngapi katika siku zile dawa ilipokuwapo: dozi 2 kila siku, yaani 60 kwa mwezi. Ikiwa kila mmoja aagiza akiba ya miezi minne, wa kwanza ataomba 160 na wa pili 240. Tofauti ni dozi 80. Na msiba wenyewe ni huu, kwamba aliyeomba kidogo ataishiwa tena, na safari ijayo atakokotoa kwa upungufu ule ule. Hapo hapana aliyeiba hata kidonge, na wagonjwa bado wamekosa dawa.

Wengine watasema kwamba siku hizi kazi hiyo ni ya kompyuta. Ni kweli ununuzi wa Serikali umeingia katika mfumo wa NeST tangu mwaka 2023, nasi twaufurahia. Lakini mashine hukokotoa kile ilichopewa, na leja isiyojazwa haina cha kuipa. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Elimu yenyewe nchini ipo. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianza mwaka 1965, na ununuzi na ugavi ni miongoni mwa masomo yake. Bodi ya kusimamia taaluma hii ilikuwapo tangu mwaka 1981, ikaundwa upya kwa sheria ya mwaka 2007 kuwa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, yenye mitihani yake na daftari la wataalamu wake. Kinachotusikitisha ni dharau. Katika ofisi nyingi bohari imekuwa mahali pa kumpeleka mfanyakazi aliyeshindikana kwingine. Farao hakufanya hivyo: alipoonywa juu ya njaa, maghala yake alimpa Yusufu, mtu mwenye akili kuliko wote aliowaona.

Hatudai kila zahanati ipewe mtaalamu mwenye shahada. Twadai yule muuguzi apewe mafunzo, naye mwenzake afundishwe pamoja naye, ili mmoja akienda likizo ya uzazi leja isilale. Halmashauri ziyatengee fedha mafunzo hayo kama zinavyotenga mafuta ya magari. Na wanachama wetu walio katika kamati za zahanati, kabla ya kumwita mtu mwizi, waombe kuonyeshwa leja: dawa ya malaria ilikosekana siku ngapi tangu maombi yaliyopita, na je, siku hizo zilihesabiwa?