Mota Kubwa na Mota Ndogo

Watoto wa Masisi hukaa milimani, na watoto wa Walikale hukaa katika nchi ya mwitu. Lakini maji yanawaunganisha. Maji mengi ya vilima vya Masisi hushuka upande wa magharibi na kuingia katika mto Lowa. Mto huo hupita Walikale, kisha huenda mbali mpaka Lualaba. Tena huko Sake, nchi ya Masisi inagusa ziwa Kivu.

Mwaka 2024 vita viliifunga barabara ya kutoka Minova kwenda Goma. Basi watu walipeleka maharagi na viazi mpaka Minova, na kutoka huko boti zikavipeleka Goma kwa njia ya ziwa. Boti hutaka petroli, ambayo sisi huiita esansi. Petroli ikitumika nyingi, nani atailipa? Mwenye boti humwongezea mchuuzi nauli, na mchuuzi humwongezea mama bei ya maharagi sokoni. Kwa hiyo neno la mota si la mwenye boti peke yake. Linafika mpaka chungu cha nyumbani.

Mota ya boti hufungwa nyuma, na mapanga yake madogo huzunguka ndani ya maji na kuyasukuma. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mtu aliyezaliwa Norway na kukaa Milwaukee katika nchi ya Marekani, alianza kuuza mota za namna hii. Mota yake ilikuwa na nguvu ya farasi 1 na nusu tu. Siku hizi ziko za farasi 15, za farasi 40, hata zaidi ya 300. Farasi 1 wa mota ndiyo nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 75 mita 1 juu kwa sekunde 1.

Wengi husema: “Nikinunua mota kubwa, nitakwenda upesi, nikienda upesi, nitafika mapema, nikifika mapema, petroli itapungua.” Maneno hayo ni matamu, lakini je, ni kweli? Tufanye hesabu.

Tuseme wako watu wawili, na boti zao ni sawa, ndefu na nzito kwa mizigo. Kila mmoja ana safari ya kilomita 48. Wa kwanza ana mota ya farasi 15. Anakwenda kilomita 12 kwa saa, na mota inakunywa litre 6 kwa saa. Atafika baada ya saa 4. Mara 4 litre 6 ni litre 24.

Wa pili ana mota ya farasi 40, naye anaifungua kabisa. Anakwenda kilomita 16 kwa saa, na mota inakunywa litre 16 kwa saa. Atafika baada ya saa 3. Mara 3 litre 16 ni litre 48.

Tazameni! Wa pili amepata faida ya saa 1, lakini amechoma petroli mara mbili. Kwa nini?

Tia mkono wako mtoni, uusukume polepole. Ni rahisi. Sasa uusukume kwa nguvu. Maji yanakataa. Boti pia hukataliwa na maji. Tena, ikizidisha mwendo, inatengeneza mawimbi makubwa, na kutengeneza mawimbi ni kazi inayokula petroli bure. Katika karne ya 19 Mwingereza William Froude alivuta vyombo vidogo vya mfano katika maji ili kupima jambo hilo. Tangu hapo watu wamejua ya kuwa kila boti nzito ina mwendo wake, kwa kadiri ya urefu wake. Ukitaka kuuzidisha mwendo mara 2, mota itatakiwa kufanya kazi karibu mara 8, au hata zaidi.

Je, mwenye mota ya farasi 40 afanye nini? Si lazima aitupe ziwani. Apunguze mwendo tu. Akienda kilomita 12 kwa saa kama mwenzake, petroli yake itakaribia kuwa sawa na ya mwenzake.

Lakini msiseme sasa kwamba mota ndogo ni bora siku zote. Mkienda juu ya mto, maji yanawarudisha nyuma. Kama mto unashuka kilomita 4 kwa saa, na mtumbwi unakwenda kilomita 5, kila saa mtapata kilomita 1 tu. Mota inakunywa, na miti ya ukingoni ni ile ile. Hapo afadhali mota yenye nguvu kidogo zaidi. Vivyo hivyo boti nyepesi, iliyotengenezwa kwa kuteleza juu ya maji, hutaka mota ya kutosha kuiinua. Tena ziwa Kivu liko juu sana, karibu mita 1,460 kupita bahari. Huko hewa ni nyepesi, na mota hupoteza karibu sehemu 15 katika 100 za nguvu yake. Farasi 15 huwa kama 13. Mkishuka Walikale, sehemu fulani ya nguvu hiyo hurudi.

Kuna kosa moja lililo baya kuliko kupoteza petroli. Mtu mwingine husema: “Mota yangu ni kubwa, basi nipakie zaidi.” Mota husukuma boti, lakini haiwezi kuishika isizame. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na kufika bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa imejaa watu kupita kiasi, na wengi walikufa mbele ya macho ya watu waliosimama ufukoni.

Kwa hiyo, mwenye akili hupima kwanza urefu wa boti, uzito wa mzigo, na nguvu ya maji. Halafu huchagua mota. Akiwa njiani hatamani kuwapita wote. Haraka haraka haina baraka, wala haina petroli.

MASWALI
1. Kwa nini bei ya petroli humfikia mama sokoni?
2. Katika hesabu yetu, saa 1 ya faida iligharimu litre ngapi?
3. Mto unashuka kilomita 4 kwa saa. Mtumbwi unaopanda kwa kilomita 6 utapata kilomita ngapi kila saa?
4. Mota kubwa haiwezi kufanya nini?