Bolti mbili chini ya Corvette: kutu iliyojificha mjini Bloomington

Theluji inapoyeyuka mjini Bloomington, kusini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, milango ya gereji za nyumbani hufunguliwa na magari ya spoti ya zamani hutolewa nje baada ya kufichwa kwa miezi kadhaa. Miongoni mwa magari hayo ni Chevrolet Corvette zilizoundwa kati ya mwaka 1963 na 1982. Rangi yake hung'aa, na bodi haina hata doa la kutu. Mnunuzi asiyelijua gari hilo huridhika hapo hapo, na hilo ndilo kosa.

Bodi ya Corvette, tangu gari la kwanza la mwaka 1953, haikutengenezwa kwa bati bali kwa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ya plastiki. Kitu hicho hakipati kutu. Chesi na bolti zilizo chini yake ni za chuma, nazo huoza kimya kimya huku bodi ikibaki kama mpya.

Adui mkubwa ni chumvi. Kila majira ya baridi chumvi hunyunyizwa katika barabara za Minnesota ili barafu iyeyuke, kwa kuwa maji yenye chumvi huganda kwa baridi kali zaidi kuliko maji matupu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya chumvi inayomwagwa katika eneo la Minneapolis na Saint Paul hubaki humo humo, katika udongo, maziwa na maji ya ardhini. Kijito cha Nine Mile Creek, kinachopita Bloomington kuelekea mto Minnesota, kimo katika orodha ya maji yaliyoharibiwa na chumvi hiyo. Gari lililoendeshwa katika majira ya baridi ya miaka ya 1970 huenda bado limebeba madhara yake, hata kama mmiliki wa leo halitoi nje ila wakati wa joto. Isitoshe, Minnesota haina ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa magari ya watu binafsi. Asipochungulia mwenyewe, hakuna wa kumwambia.

Lakini kwa nini bolti za springi ya nyuma? Mwaka 1963, chini ya mhandisi Zora Arkus-Duntov, Corvette ilipata mfumo wa nyuma ambao kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake. Badala ya springi mbili za kujiviringisha, iliwekwa springi moja ya mabamba ya chuma, mfano wa zile za malori, lakini ikalazwa kukingama gari kutoka kushoto hadi kulia. Katikati imefungwa chini ya difu. Kila ncha yake imeunganishwa na mkono wa chuma unaobeba gurudumu kwa bolti moja ndefu, yenye vikombe vya raba na nati inayozuiwa kwa pini ndogo. Uzito wote wa nyuma ya gari hupitia bolti hizo mbili. Moja ikikatika barabarani, pembe moja ya gari huanguka ghafla, na dereva anaweza kushindwa kulidhibiti.

Kuzibadilisha si kazi ya gharama kubwa, lakini ina hatari yake. Springi hiyo imekunjwa kwa nguvu nyingi, na anayefungua nati bila kuituliza anaweza kupigwa nayo. Mafundi huinua gari na kuliegemeza kwa stendi imara chini ya chesi, kisha huondoa gurudumu. Kibano cha chuma hufungwa kwenye springi karibu na ncha ili jeki isiteleze, na jeki huinua ncha hiyo mpaka bolti ibaki bila mzigo. Hapo ndipo pini huchomolewa, nati hufunguliwa, na jeki hushushwa polepole. Haifai mtu kukaa chini ya ncha ya springi wakati huo.

Nati iliyoshikwa na kutu humshawishi fundi kuchukua moto wa gesi. Kwenye Corvette hilo ni jambo baya: tangi la petroli liko karibu, bodi inaweza kuwaka, na chuma cha springi kikipashwa moto hupoteza ugumu wake. Ni afadhali kuipaka mafuta ya kulegeza kutu siku moja au mbili kabla. Ikikataa, bolti ikatwe kwa msumeno, baada ya jeki kuubeba mzigo. Bolti yenyewe hata hivyo haitatumika tena.

Bolti mpya huwekwa zote mbili pamoja, na raba mpya. Bolti ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi haitoshi. Katika vipimo vya Kimarekani, mistari sita kwenye kichwa cha bolti ni alama ya chuma kigumu zaidi kuliko mistari mitatu. Katika vipimo vya milimita, 10.9 ni imara kuliko 8.8. Fundi wa Mombasa au Unguja, ambako upepo wa bahari hula chuma bila theluji yoyote, ananunua kwa namba hizo hizo.

Baadhi ya wamiliki huchagua bolti ndefu kuliko za kiwandani, na sehemu ya nyuma ya gari hushuka. Wengi huupenda mwonekano huo, ingawa gari likishuka magurudumu huinama. Kwa hiyo baada ya bolti kukazwa na pini kurudishwa, gari hushushwa chini, huendeshwa kidogo ili springi itulie, kisha hupelekwa kupimwa pembe za magurudumu.