Uniti Ghali ni Isiyofika

Mei 2008 umeme unaofika Unguja kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari ulizimika, na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima gizani. Desemba 2009 ukazimika tena, safari hiyo kwa miezi mitatu. Mchumi Alfredo Burlando alichunguza mkasa wa 2008. Aliona kwamba watu ambao kazi zao hutegemea umeme walipoteza saa za kazi na kipato, na watoto waliozaliwa miezi kadhaa baadaye walikuwa na uzito pungufu. Hasara ya umeme ilifika hadi tumboni mwa mama.

Gharama za nishati zinapojadiliwa, macho yote huelekezwa kwenye bei inayoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati. Bei ina uzito wake, hasa kwa viwanda vya saruji, chuma na nguo. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo kinachouma zaidi ni umeme kukatika.

Chukua fundi wa kuchomelea mageti Dar es Salaam. Kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla, mteja wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Umeme ukikatika akawasha jenereta dogo la petroli, lita moja humpa uniti mbili hivi. Na katikati ya 2024 lita ilikuwa imevuka shilingi 3,000. Uniti ileile sasa inamgharimu shilingi 1,500, mara tano ya ile ya kwanza, bado oili na matengenezo. Akipandisha bei ya geti, mteja anakwenda kwa mwingine. Asipopandisha, faida inaishia kwenye petroli.

Tanzania inayajua machungu ya umeme kukatika. Kwa miaka mingi gridi iliegemea maji ya mabwawa ya Mtera, Kidatu na Kihansi. Ukame wa 2006 uliposhusha kina cha Mtera, mgao ukaingia na Serikali ikakimbilia mitambo ya dharura. Sakata la mkataba wa mitambo hiyo na kampuni ya Richmond lilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Mwaka 2011 mgao ukarudi, na mitambo ya kukodi inayotumia mafuta ikaielemea TANESCO, shirika la umeme la taifa.

Gesi ndiyo iliyoleta ahueni. Ya Songo Songo ilianza kufua umeme Ubungo mwaka 2004, na bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam likakamilika 2015. Haikuishia kwenye umeme: kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kinaitumia, na cha Dangote huko Mtwara, kilichoanza kwa dizeli, nacho kikahamia kwenye gesi.

Sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, wa mwisho 2025, na uwezo wa nchi ukapita megawati 4,000, takriban mara mbili ya mahitaji ya juu kabisa. Ni kazi kubwa na ya kujivunia. Hata hivyo, Mtera, Kidatu, Kihansi na bwawa hili jipya vyote vimo katika bonde moja, la Rufiji. Mvua ikigoma huko, vyote vinaumia pamoja.

Tena wingi wa umeme Rufiji haumfikii kila mtu. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa ule unaosafirishwa kutoka mbali hupotea mwingi njiani.

Kwa hiyo fedha za miaka hii ziende kwenye njia za kusafirisha umeme na transfoma za mitaani, na mitambo ya gesi ya Kinyerezi itunzwe iwe tayari kuwaka, hata katika mwaka ambao mabwawa yamefurika.