Keekee inayojua mahali pa kukoma: Jinsi vifaa vya kupasulia fuvu vinavyolinda ubongo

MAJERUHI wa ajali ya pikipiki anapofikishwa hospitalini damu ikiwa imevilia ndani ya fuvu, daktari hana muda wa kupoteza. Sharti atoboe fuvu ili damu hiyo ipate njia ya kutoka, la sivyo ubongo utabanwa hadi mgonjwa afe. Hata hivyo, tundu hilo hilo linalokusudiwa kuokoa maisha laweza kuyakatiza.

Fuvu la mtu mzima lina unene wa milimita chache tu, na kwenye panja huwa jembamba zaidi. Chini yake kuna utando mgumu uitwao dura, ambao unene wake kwa kawaida haufiki milimita moja. Baada ya hapo ni ubongo, ambao ni laini mno.

Ugumu wa kazi hii unajulikana na kila seremala. Anapotoboa ubao kwa keekee, hulazimika kukandamiza kwa nguvu. Ncha inapotokea upande wa pili, ukinzani hutoweka ghafla na mkono huchomoka kwenda mbele. Kwa seremala, hasara ni ubao ulioharibika. Kwa mgonjwa, ni dura iliyochanika, mshipa uliokatika au ubongo uliojeruhiwa.

Hatari hii ilitambuliwa tangu jadi. Katika jamii ya Abagusii, waganga walioitwa ababari emetwe walifungua fuvu la mtu aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa baada ya kujeruhiwa. Walikwangua mfupa pole pole kwa chombo chenye makali yaliyopinda. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, lakini mkono unaokwangua hauzami ghafla kama ule unaotoboa.

Katika miaka ya 1890, daktari Mwitaliano Leonardo Gigli alibuni msumeno wa waya kwa ajili ya kukata mfupa wa nyonga ya mama aliyeshindwa kujifungua. Muda si muda, wapasuaji wa ubongo wakauchukua. Waya hupitishwa chini ya mfupa kutoka tundu moja hadi jingine, juu ya kibamba chembamba kinachokinga dura, kisha huvutwa huku na huku. Makali hukata kuelekea nje, yakiuacha ubongo nyuma. Msumeno huo hauhitaji umeme, na ungali unatumika katika hospitali zisizo na mashine za bei ghali.

Keekee nyingi za kisasa za kutoboa fuvu zina klachi na springi. Ncha inapokandamizwa kwenye mfupa, hurudi nyuma kidogo na kushikana na sehemu inayozungushwa na mota. Mfupa unapokwisha, kinachoikandamiza hakipo tena. Springi huisukuma mbele, klachi huachia, na ncha huacha kuzunguka.

Hata hivyo, klachi si kinga kamili. Daktari akiinamisha keekee badala ya kuisimamisha wima, upande mmoja wa tundu hutangulia kutoboka na huenda klachi isiachie kwa wakati. Fuvu jembamba la mtoto ni hatari, na hali kadhalika la mzee, ambaye dura yake huwa imegandamana na mfupa. Isitoshe, ncha nyingi za aina hii zimeundwa zitumiwe mara moja tu. Zikirudiwa, makali huisha na mabaki ya mfupa yaweza kuikwamisha klachi.

Baada ya kutoboa, daktari hukata kipande cha mfupa kwa kifaa chenye kasi ya makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Mbele ya makali kuna kiguu cha chuma kinachopita kati ya mfupa na dura, kikiisukuma dura kando. Kasi hiyo huzalisha joto, na mfupa ukifikia nyuzi 47 za selsiasi kwa dakika moja huanza kudhurika. Ndiyo sababu maji ya chumvi humiminwa mfululizo.

Mbinu nyingine ni makali yanayotetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Mfupa mgumu hukatika, lakini tishu laini huyumba pamoja na mtetemo huo bila kuchanika kwa urahisi. Msumeno wa kuondolea plasta ya mguu uliovunjika, ingawa hutetemeka polepole zaidi, huiacha ngozi salama kwa sababu kama hiyo. Kasoro yake ni kwamba hukata taratibu na bei yake ni ghali.

Mwishowe, wabunifu hawana budi kuufikiria mkono wenyewe. Upasuaji waweza kuchukua saa nyingi, na kifaa kizito, kinachoteleza au kutikisika sana huuchosha. Kwa hospitali inayonunua vifaa hivi, swali la kwanza lisiwe kifaa kinakata kwa kasi gani. Liwe: mkono uliochoka ukikosea, ni kitu gani kitakachokizuia kifaa hicho kisiufikie ubongo?