Eropleni Ikipotea Baharini, Yampasa Nani Kuitafuta?

Mwezi wa Juni mwaka 2016 kipande cha bawa la eropleni kiliokotwa katika kisiwa cha Pemba. Wataalamu wa Australia walikichunguza, na mwezi wa Septemba wakathibitisha kuwa kilitoka katika eropleni ya Malaysia, aina ya Boeing 777, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 pamoja na watu 239, ikisafiri kutoka Kuala Lumpur kwenda Beijing. Serikali za Malaysia, Australia na China zilipekua kilomita za mraba 120,000 chini ya Bahari ya Hindi, zikaacha kazi hiyo mwezi wa Januari 2017 bila kuiona.

Jambo hili lazusha swali kubwa: je, aliyeiunda eropleni hana wajibu wa kuitafuta?

SHERIA YASEMAJE

Fundi aundaye jahazi, akiisha kulipwa na kulikabidhi, hadaiwi kupiga mbizi likizama. Sheria ya eropleni yafanana na desturi hiyo. Kwa mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, na kanuni zilizoyafuata, eropleni ikianguka katika bahari isiyo ya nchi yoyote, uchunguzi ni kazi ya nchi iliyoiandikisha. Nchi ya waundaji yaweza kupeleka mjumbe, pamoja na washauri kutoka kiwandani. Lakini kanuni hizo hazimtwishi mwundaji mzigo wa gharama za kutafuta.

Walakini eropleni si jahazi. Za aina moja huundwa kwa mamia, na ubovu ulioiangusha moja huenda umo katika zote. Isipopatikana iliyozama, hata zinazoruka zimo mashakani.

MFANO WA MWAKA 2009

Tarehe 1 Juni 2009 eropleni ya Air France, aina ya Airbus A330, ilianguka katika Bahari ya Atlantiki ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Watu wote 228 walikufa. Masanduku yanayohifadhi habari za safari yalifungiwa vyombo vya kutoa mlio majini, lakini vyombo hivyo viliundwa kulia kwa muda wa siku 30 tu. Siku hizo zikapita bure.

Mwaka 2011 Airbus na Air France walitoa fedha za kutafuta tena. Vyombo vinavyojiendesha vyenyewe vikashushwa baharini, na mwezi wa Aprili mabaki yakaonekana, kina cha meta 3,900 hivi. Mwezi uliofuata masanduku yakaopolewa. Ndipo ilipojulikana kwa yakini kuwa vipimo vya mwendo viliziba kwa barafu, kisha marubani wakashindwa kuimudu eropleni.

Hata hivyo kutoa fedha si kutoa hukumu. Uchunguzi huo uliongozwa na idara ya Serikali ya Ufaransa, na ndivyo ipasavyo, isije ikawa kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

WAJIBU HUANZIA KIWANDANI

Tangu mwaka 2018 kanuni za mataifa zataka vyombo vya mlio vidumu siku 90. Tena eropleni kubwa zilizopewa hati ya kuruka kuanzia mwaka 2024 zatakiwa kujulisha zilipo kila dakika zikiwa hatarini.

Mwenye kuunda na asingoje kulazimishwa. Eropleni anayoiuza na iwe na sauti ya kuita hata ikiwa chini ya maji. Hapo wafiwa watajua walipolala ndugu zao, na msafiri wa kesho atapanda akijua kuwa ubovu umeonekana na kuondolewa.