Likizo ya Gari la Kukodi: Umekuja au Umepita?

Ndugu msikilizaji, juma lililopita jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam alinisimamisha akaniuliza swali ambalo naona linawahusu wengi. Amepata likizo ya siku saba, ana akiba kidogo aliyojiwekea, na anataka kukodi gari awapeleke mkewe na watoto shamba wakapumzike. Wazazi wake walizaliwa upande wa Handeni, lakini watoto wake hawajui hata njia ya kwenda huko. Akaniuliza, "Nifanyeje ili nirudi nimepumzika, nisirudi nimechoka kuliko nilivyoondoka?"

Swali hilo lilinigusa kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya. Miaka kadhaa iliyopita nilikodi gari kwa siku tatu. Katika siku hizo tatu nilipanga kwenda Handeni, Korogwe, Lushoto, Tanga na Pangani, kisha nirudi Dar es Salaam. Kijiji cha shangazi yangu huko Handeni nilikitengea saa moja. Tulipofika tulikuta kuku amekwisha kuchinjwa, mikeka imetandikwa, na majirani wameitwa. Tulikula harakaharaka huku nikitazama saa, maana gari lilitakiwa lirudi Jumapili kabla ya jua kuzama, na likichelewa ningelipa siku nyingine nzima. Nilipoaga, shangazi alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, umekuja au umepita?" Nilicheka, nikaahidi kurudi. Niliporudi, nilirudi kwa mazishi yake.

Basi leo, ndugu msikilizaji, nieleze namna ya kupanga safari ya kuja, na siyo ya kupita.

Jambo la kwanza ni majira. Wenzetu wa Ulaya wana desturi ya kwenda mashambani joto linapopungua na mavuno yanapoanza. Huko Italia, kwa mfano, ifikapo Septemba na Oktoba watu hukodi magari wakaenda vijijini wakati wa kuchuma zabibu. Hawalali kila siku mji mwingine. Hupanga nyumba moja kwenye shamba la mkulima, wakakaa humo juma zima, na kutoka humo hutembelea vijiji vya jirani. Jambo hilo limeshika mizizi kiasi kwamba mwaka 1985 serikali ya Italia ilitunga sheria ya kuwawezesha wakulima kupokea wageni mashambani mwao, ili wapate kipato cha ziada pasipo kuacha kilimo.

Sisi hatuna majira ya majani kupukutika, lakini tuna wakati wetu unaolingana na huo. Ni kuanzia Juni hadi Agosti, masika yanapokuwa yamekwisha na kipupwe kimeingia. Barabara za udongo zimekauka, mahindi yanavunwa, machungwa ya Mkoa wa Tanga yameiva, na usiku unajifunika shuka bila kutafuta feni. Ukienda Aprili utaiona nchi ya kijani kibichi, lakini huenda ukaitazama kutoka ndani ya gari lililokwama kwenye tope. Ukienda Desemba utakuta mabasi na magari madogo yanashindana katika njia moja, watu wakikimbilia Kilimanjaro kwa sikukuu.

Jambo la pili ni ratiba. Kwa siku saba chagua vituo viwili tu, Handeni na Korogwe. Kutoka Dar es Salaam unaweza kupita Chalinze, ambako malori ni mengi, au ukapita Bagamoyo na kushika lami ya kilomita 64 hadi Msata, ukakwepa msongamano huo. Baada ya Msata utavuka mto Wami, upite Mbwewe na Manga, ufike Mkata. Hapo Mkata kata kushoto. Kutoka Mkata hadi Handeni mjini ni kilomita 54, na kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65. Vipande hivyo viwili zamani vilikuwa vya vumbi na makorongo, lakini sasa ni lami. Kwa hiyo huna haja ya kurudi ulikotoka: utaingia kwa Mkata, utokee Korogwe, urudi nyumbani kwa Segera, Michungwani na Kabuku.

Kwa kukadiria, mzunguko huo hauzidi kilomita 650. Ongeza 150 za matembezi ya huku na huko, zinakuwa 800. Gari linalokwenda kilomita kumi kwa lita moja litakunywa lita 80. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya mafuta ya siku hiyo kabla hujaondoka, na ujaze tangi mjini, usitegemee kupata mafuta vijijini.

Handeni kaa usiku mitatu. Hii ni nchi ya Wazigua, nchi ya vilima na mapori ya miti mifupi, na upande wa magharibi iko milima ya Nguu. Huko Nguu ndiko alikotoka Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu, ambaye habari zake ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Alifukuzwa na ndugu zake, akazunguka kwa kuwinda na kuwagawia watu nyama, hata akatawazwa kuwa mfalme wa Usambara kule Vuga. Msimulie mtoto habari hiyo mkiwa Handeni, kisha mwonyeshe milima ya Usambara mtakapofika Korogwe. Ataijua historia bila kushikiwa fimbo.

Habari nyingine ya Wazigua ni ya huzuni. Katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya utumwa, wengi wao walichukuliwa hadi Somalia. Vizazi vyao vilibaki na lugha ya Kizigua kule kwenye bonde la mto Juba. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wilayani Handeni, ambako baadaye wengi walipewa uraia. Fikiria, ndugu msikilizaji: watu hao walirudi nyumbani baada ya zaidi ya miaka mia moja, na wenyeji wakaelewa maneno yao. Wewe uliyeko saa tano tu kwa gari, una udhuru gani?

Korogwe nayo ipe usiku mitatu. Mji huu uko kando ya mto Pangani na juu ya reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida, na ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo yakatokea mashamba unayoyaona Ngombezi, Magunga na Mazinde, mistari iliyonyooka kama iliyochorwa kwa rula. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha kamba za plastiki zikaharibu soko, na mashamba mengi yakaingia msituni. Wazee wa Korogwe ambao baba zao walikuja kama manamba kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji wangalipo. Kaa nao barazani jioni, utasikia mengi ambayo hayamo vitabuni.

Ukitaka baridi, panda siku moja upande wa Bungu na Ambangulu, kwenye mashamba ya chai. Njia ni ya udongo na yenye mwinuko mkali, kwa hiyo uulize hali yake kwanza na uhakikishe gari lako si la tumbo la chini. Ukitaka lami tupu, nenda Mombo, upande hadi Lushoto na kurudi jioni. Chagua moja. Siku nyingine zote acha gari lipumzike, nawe upumzike.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Lile gari nililolikodi mimi nililipata kwa rafiki wa rafiki, kwa maneno matupu, likiwa na namba za njano, yaani la mtu binafsi. Njiani kokoto iliruka kutoka kwenye lori ikapasua kioo cha mbele. Nilidhani bima italipa. Kumbe bima yenyewe ilikuwa ile ndogo, ya mtu wa tatu, ambayo humlipa yule uliyemgonga na wala haitengenezi gari ulilopanda. Nililipa kioo kwa mshahara wangu.

Hivyo uliza maswali haya kabla hujatoa fedha. Je, gari lina bima kubwa? Je, bima hiyo inaruhusu gari kukodishwa? Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likikodishwa, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa hata kama bima ni kubwa. Ikitokea ajali, wewe utachangia kiasi gani? Je, kuna kikomo cha kilomita kwa siku? Bei ya kutoka nje ya mkoa ni ileile ya mjini? Ukichelewa saa mbili unalipa saa mbili au siku nzima? Majibu yote yaandikwe kwenye mkataba, utie sahihi wewe na mwenye gari, na kila mmoja abaki na nakala.

Kisha lizunguke gari mchana kweupe. Piga picha kwa simu kila mkwaruzo na kila bonde, mwenye gari akiwa amesimama hapo. Fungua buti utazame tairi la akiba, jeki na spana yake. Angalia kizima moto na pembetatu za tahadhari, maana askari wa usalama barabarani watakuuliza. Jaribu breki, taa na wipa. Dakika ishirini hizo zina thamani kuliko dua utakayoomba Mbwewe saa mbili usiku.

Ukikodi gari pamoja na dereva, mkubaliane tangu mwanzo posho yake na mahali atakapolala. Dereva asiyelala vizuri ni hatari kwenu nyote. Ukiendesha mwenyewe, ondoka saa kumi na moja alfajiri na uwe umefika kabla ya jua kuzama. Penye makazi ya watu mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Wengine hupunguza mwendo kwa kuogopa tochi ya trafiki. Mimi nasema tupunguze kwa kuogopa kumgonga mtoto anayevuka na ndoo kichwani.

Mwisho ni adabu ya mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Usifike kijijini na jamaa saba bila taarifa ukategemea kulishwa. Piga simu siku kadhaa kabla, na upeleke sukari, mchele, sabuni na mafuta ya kula. Handeni shida ya maji ni ya siku nyingi, kwa hiyo usioshe gari kwa ndoo ambayo mwenyeji wako ameitembelea kilomita mbili. Ukiandaliwa bada na mboga ya mchunga, kula na usifu. Ukilala gesti mjini, mweleze mwenyeji sababu mapema, asije akadhani umekidharau kitanda chake. Na machungwa usiyanunue kwa kutupa fedha dirishani kisha ukaondoka. Shuka, usalimie, uulize shamba liko wapi. Huenda ukakaribishwa ukayachume mwenyewe, na watoto watakumbuka siku hiyo kuliko hoteli yoyote.

Nilimweleza jirani yangu haya yote. Akatoa karatasi yake mfukoni, akafuta Tanga, akafuta Pangani, akasita kidogo, akafuta na Lushoto. Kisha akaniambia kuwa bibi yake mzaa mama angali hai, yuko kijiji kimoja nje kidogo ya Handeni, na hajawahi kuwaona watoto wa mjukuu wake aliyeko mjini. Nikamwambia hiyo ndiyo ratiba, mengine ni nyongeza.

Kile kioo nilikwisha kukilipa, ndugu msikilizaji, na nilikwisha kukisahau. Swali la shangazi ndilo ambalo sina pa kulipeleka jibu lake. Wewe unayo nafasi bado. Kodi gari, panga siku, uende. Na ukiulizwa umekuja au umepita, uwe na la kujibu.

Hadi juma lijalo, nawatakieni safari njema.